Tangazo la Pampu ya Mazwele

Tuk, tuk, tuk. Ukucha wa Mzee Lameck ukigonga kichwa cha maiki. Mlio huo ninausikia hata leo nikiwa nimekaa tu nachambua mchicha. Wengine wakijaribu maiki husema haloo haloo, moja mbili. Yeye alisema mtu anayeita haloo asubuhi nzima anamsalimia nani? Aligonga mara tatu, akainamisha kichwa kusikiliza mlio unavyotoka kwenye zile spika mbili juu ya kirikuu, kile kigari chetu kidogo cha mizigo, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto. Akiridhika ananipa maiki. "Haya binti. Waambie."

Rehema na wenzako mlioshika maiki baada yangu, mmeniomba niwaandikie habari za gari la matangazo kabla sijazisahau. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Najua mnacheka, hata mimi nacheka. Mwalimu anastaafu na mvi, mimi nimestaafu na meno yote kinywani. Daktari aliniangalia koo kwa kifaa chenye taa, akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu, na nikiendelea kupaza sauti nitabaki kunong'ona maisha yangu yote. Nikamuuliza, je, nikitangaza polepole? Akaniangalia. "Dada, kuna tangazo la polepole?" Basi, kazi ikaishia pale.

Nilianza na miaka kumi na tisa. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto zangu hazikuishia pale. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Nilikuwa nauza karanga sokoni mjini Dodoma, na nilizinadi kama mtu anayesoma taarifa ya habari: "Karanga za Mpwapwa, zimevunwa, zimekaangwa, na sasa ziko mbele yako." Mzee Lameck akanunua kifungu kimoja, akala chote amesimama, akaniuliza kama naweza kusema hivyo hivyo kutwa nzima bila kukohoa. Nikamwambia naweza kusema hivyo hata usingizini. Akasema usingizini hahitaji, yeye anataka saa mbili asubuhi.

Siku ya kwanza tulitangaza ng'ombe aliyepotea. Nilikuwa na hamu mno, nikasema yote kwa pumzi moja: rangi, pembe, chapa, jina la mwenye ng'ombe na zawadi. Mzee akasimamisha gari. "Umemtangaza ng'ombe au umemkimbiza?" Akanifundisha mambo ambayo bado ni ya kweli hata kama ninyi mnatumia sauti iliyorekodiwa kwenye flashi. Maiki ikae vidole vinne kutoka mdomoni. Sema sentensi moja, nyamaza nyumba tatu, sema nyingine, kwa sababu gari linatembea na sikio la mtu limekaa. Ukipita shule, zima. Ukikuta turubai la msiba, zima, shuka, toa pole, ndipo upite. Upepo ukivuma toka mashariki, kama unavyovuma huku kwetu miezi ya kiangazi, maneno yote yanakwenda upande mmoja wa barabara, hivyo rudi upite tena. Kunywa maji ya uvuguvugu, si soda. Hilo la soda sikulishika, na labda ndilo lililonifikisha kwa daktari.

Matangazo ya misiba yalinishinda mwanzoni. Nilikuwa nalia kwenye maiki, watu wanatoka nje wakidhani mimi ndiye mfiwa. Mzee hakunigombeza. Alisema, "Lia ukimaliza, mwanangu. Sasa hivi wachimba kaburi wanataka kujua saa." Nikajifunza kulia tukirudi, dirisha limefunguliwa, na vumbi likinikaukia usoni mpaka nafika nyumbani nimepakwa udongo kama tofali.

Na kulikuwa na sheria moja ya Mzee ambayo haikuwa na mjadala. Tangazo lolote lenye jina la mtu kwa ubaya, awe mdaiwa, mtoro au mtuhumiwa, halitoki bila barua ya serikali ya kijiji yenye mhuri. Hata ukija unalia. Hata ukija na suti. Aliiandika kwa chokaa ndani ya mlango wa gari, upande wangu, ili nisiseme sikuiona.

Sasa nifike Mazwele. Jina la kijiji nimelibadilisha, ila kipo, upande wa kwenda Mvumi, na mtu wa huko akisoma atajua. Mara ya kwanza tulikwenda kutangaza chanjo ya watoto. Niliwasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", kwenye maiki, wakaitikia mpaka mabibi waliokuwa ndani. Adhuhuri tukasimama kisimani kunywa maji. Kisima kilikuwa cha pampu ya mkono, na mpini wake ulikuwa umezongwa vitambaa vya rangi zote, umenenepa kama mguu uliofungwa bandeji. Mtunza kisima, mama mmoja mrefu aliyeitwa Mama Editha, aliona ninavyoshangaa.

"Chuma kinaunguza saa hizi," akasema. "Mwanamke akiolewa hapa, anachana kipande cha kitenge alichokuja nacho, anafunga. Ndiyo hodi yake kwa kisima."

"Na chako kiko wapi, Mama?"

"Changu kiko chini kabisa. Mimi mzee, nimefunikwa na hawa mabinti." Akacheka, akanipampia maji mwenyewe. Kiunoni alikuwa amening'iniza spana kubwa ya kufungulia pampu, kwa kamba ya katani. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na spana hiyo.

Mwaka wa uchaguzi kazi yetu hujaa kuliko mwaka mwingine wowote. Kuna mtu aliyekuwa ametia nia ya ubunge. Nitamwita Mheshimiwa, kwa sababu ndivyo alivyotaka kuitwa hata kabla hajawa. Alikuwa mtu wa maneno mazuri. Kanisani alisimama akazungumzia wizi wa mali ya umma mpaka watu wakajifuta macho. Mimi nilikuwemo, nami nilijifuta. Niliwaza, huyu akiingia bungeni hata barabara zitatubu.

Siku moja Mzee Lameck alikuwa Kongwa kwenye mazishi ya shemeji yake, akaniachia gari na dereva wa kuazima. Akaja mpambe wa Mheshimiwa, Faustine, mtu wa manukato na simu mbili. Akaniambia pampu ya Mazwele imeibwa, kichwa na mpini vimefunguliwa vizuri, hakuna kilichovunjwa, maana yake ni kwa spana. Wananchi wanakunywa maji ya korongo pamoja na punda. Mheshimiwa ameguswa, anagharamia tangazo. Akanipa karatasi: *Mtunza kisima, Editha, anaombwa afike ofisi ya kata kutoa maelezo.*

Nikamuuliza mhuri.

"Dada yangu, watoto wanaharisha, wewe unauliza mhuri?"

Niliiona ile chokaa mlangoni. Niliisoma kabisa. Nikawaza watoto wanaoharisha, nikaona Mzee angekuwepo naye angelainika. Nikapanda.

Kosa hilo ni la kwanza, na lingeweza kusameheka. La pili ni langu peke yangu, wala Faustine hakuniagiza. Nilipofika Mazwele nikasoma karatasi kama ilivyo, nikaona maneno yake ni makavu. "Anaombwa afike kutoa maelezo." Nani atatoka nje kwa maneno hayo? Mimi napenda maneno yenye mwendo. Kwenye kona ya kanisa nikaongeza la kwangu, kwa ile sauti ya redio niliyoiota tangu utoto: "Editha, rudisha maji!" Likapendeza. Nikalirudia. Watoto wakaanza kukimbia nyuma ya gari wakiitikia, Editha, rudisha maji, Editha, rudisha maji. Nikaona kazi imenoga. Tukatoka Mazwele tukapita vitongoji vitatu vingine mpaka mwisho wa njia, na kila mahali nikawaachia wimbo.

Mama Editha nilimwona. Alikuwa amesimama mlangoni kwake na sufuria mkononi. Hakufunga mlango wala hakujificha. Alinitazama tu mpaka gari likapita.

Baadaye nikasikia alikwenda ofisi ya kata mwenyewe, akapelekwa polisi, akalala ndani siku mbili. Alipotoka, kesi ikabaki wazi na watoto wakamsindikiza na wimbo wangu tangu stendi mpaka kwake. Mtu akamwagia majivu mbegu zake za uwele. Akafunga nyumba, akahamia kwa mdogo wake huku mjini, Area D.

Mzee aliporudi kutoka Kongwa nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kitambaa, akafuta ile sheria ya mlangoni. Nilidhani amekasirika hataki kuiona. Akasema, "Nilidhani ukiisoma kila siku inatosha." Mimi ningependelea kofi.

Kampeni zikafunguliwa. Mheshimiwa akapitishwa, akatukodi sisi kwa msimu mzima. Jumanne moja nikatumwa kwenye stoo yake mjini kuchukua mabango. Stoo ina joto, imejaa mifuko ya saruji. Nilipovuta bango la mwisho nyuma ya mifuko nikaona kitu nikadhani ni mguu wa mtu umefungwa bandeji. Nikaruka. Kisha nikainama.

Ulikuwa mpini, na kichwa cha pampu kando yake, na kopo la rangi ya bluu halijafunguliwa, brashi juu yake. Vitambaa vyote vilikuwepo. Nikaingiza kidole chini kabisa, kwenye kile kilichofunikwa na vingine vyote. Kilikuwa kimechakaa hata rangi hakina.

Faustine alikuwa nyuma yangu. "Chuma chakavu hicho, dada. Tulinunua."

"Kwa nani?"

"Wewe umekuja kuchukua mabango au kuhoji?" Akacheka, akapunguza sauti. "Jumamosi Mheshimiwa anakabidhi pampu mpya Mazwele. Wewe ndiye utakayewachangamsha. Andaa maneno mazuri, si unayaweza."

Nilimwambia Mzee tukiwa ndani ya gari, madirisha yamefungwa, tunatoka jasho wote wawili.

"Walichukuaje bila spana?" akauliza.

"Spana si zinauzwa, Mzee?"

"Zinauzwa." Akatazama mbele. "Polisi ukienda, watafika stoo na kukuta bluu tupu. Vitambaa vitakuwa jalalani. Utabaki wewe na maneno yako."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nina miaka sitini na tano na gari moja. Nikikwambia sema, nitakuwa nimekutuma kupigwa. Nikikwambia nyamaza, sijui nitakuwa nimefanya nini." Akawasha gari. "Jumamosi mimi nitakuwa kwenye amplifaya. Hilo tu ndilo ninalolijua."

Jumamosi Mazwele ilijaa. Ngoma zilikuwepo, viti vya plastiki vilikuwepo, na katikati kisimani pampu ya bluu inang'aa, imefungwa utepe. Mheshimiwa alikuwa bado njiani. Faustine akanionyesha kidole: changamsha. Koo langu lilikuwa limeshaanza kukwaruza tangu wiki hiyo. Nikashika maiki vidole vinne kutoka mdomoni.

"Mbukwenyi."

Wakaitikia.

"Mnanijua sauti. Mimi ndiye niliyepita hapa nikasema Editha rudisha maji. Sikuambiwa niseme hivyo. Nilitunga mwenyewe. Mama Editha hakuiba. Pampu yenu niliiona Jumanne kwenye stoo ya huyu mnayemsubiri, ina vitambaa vyenu, na kopo la rangi pembeni. Ni hii hapa."

Faustine akapiga kelele, "Zima! Mzee, zima hiyo!" Mzee Lameck akainama chini ya meza ya amplifaya, akaanza kutafuta waya. Akautafuta kama mtu aliyepoteza pete ya ndoa. "Upi jamani? Huu? Hapana, huu ni wa taa…" Nikapata muda wa kuyasema yote mara ya pili, ndipo Faustine mwenyewe akang'oa waya wa betri.

Nilidhani watu watapiga kelele. Hawakupiga. Bibi mmoja akainuka kwenye kiti chake, akaenda kisimani, akavuta utepe pembeni kama anavyovuta utando wa buibui. Akaingiza mkono chini ya kichwa cha pampu, akapapasa.

"Weldingi ya fundi Yona," akasema. "Mwaka ule ilipopasuka. Hii hapa, wamepaka juu yake."

Wanawake wakaenda mmoja mmoja kupapasa. Walikuwa wakigusa na kurudi kukaa, kama watu wanaoaga maiti.

Kisha magari ya Mheshimiwa yakafika na honi. Aliambiwa pembeni, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni, akapanda jukwaani bila kipaza sauti. "Ndugu zangu, kuna watu walitaka kuuza pampu yenu. Mimi niliichukua nikaihifadhi. Nilikaa kimya ili nisimwaibishe mama wa watu." Baadhi wakapiga makofi. Wengine walikuwa wameangalia chini. Maji yakatoka siku hiyo hiyo, na watu wana kiu. Uchaguzi ulipofika alishinda. Siwezi kuwaandikia vingine kwa sababu havikutokea vingine.

Mkataba wetu ulivunjwa jioni ile, na miezi mitatu gari halikupata kazi isipokuwa misiba. Mzee hakunilaumu hata mara moja. Alisema misiba ndiyo wateja waaminifu. Watu husema nilipoteza sauti pale Mazwele. Inapendeza kusimulia hivyo, lakini koo lilishaharibika kwa miaka kumi na mitano ya soda baridi. Wiki ile ndipo nilipokwenda kwa daktari, basi.

Polisi walifunga kesi. Nikaenda Area D kwa Mama Editha. Nilimkuta uani anapepeta mchele wa mdogo wake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikaanza kumwomba msamaha kwa sauti ndogo niliyobakiwa nayo.

Akaacha ungo. "Ulinitangaza kwa spika, mwanangu. Leo unaniomba msamaha kwa kunong'ona?"

Nikamweleza habari za daktari. Nikamweleza habari za Jumamosi ile, kwamba Mazwele wote wamesikia.

"Mazwele wamesikia," akasema. "Shamba langu liko kule mbele. Kule mlikopita na wimbo, hilo tangazo lako la pili lilipita?"

Nilirudi kwa Mzee nikamwomba gari. Akaniambia nani atatangaza, wewe umekatazwa, na mimi nikitangaza watasikia sauti ya Lameck, si ile iliyomtukana. Akasema tangazo baya linaondolewa na mdomo uliolitoa, kwenye njia ile ile liliyopita. Nilijua anasema kweli kwa sababu hakunitazama aliponiambia.

Mama Editha alirudi kwao mvua za kwanza. Analima, na spana wamemrudishia. Anaponiona mnadani huniita binti wa redio, na siku nyingine kuna ukali ndani yake, siku nyingine hamna. Anadhani watu wa vitongoji vile walinyamaza wenyewe kwa sababu wimbo ulichuja. Mzee Lameck naye anadhani hivyo. Ninyi ndio wa kwanza kuambiwa.

Nilikwenda peke yangu kabla hajarudi. Nilishuka kwenye lori la mkaa Mazwele asubuhi, nikafuata alama za njia yetu kwa miguu, kitongoji cha kwanza, cha pili, cha tatu. Sikuwa na maiki. Niliingia nyumba moja baada ya nyingine, nikavua viatu, nikasalimia, nikanong'ona, nao wakainama mdomoni kwangu ili wasikie. Wengine walinipa uji. Mmoja alinifukuza na fimbo, na alikuwa na haki. Watoto wa nyumba moja waliniimbia wimbo wangu mwenyewe, nikawasubiri wamalize ndipo nikasema.

Jua lilipokuwa linaegemea nilifika nyumba ya mwisho, pale gari lilipogeukia siku ile. Ni nyumba ya tembe, imejitenga, na mlango umefungwa kwa kipande cha waya. Niliita. Nikazunguka nyuma, nikakuta zizi tupu na jivu la zamani. Waliokuwa wakiishi pale walikuwa wamehama na mifugo yao, sijui wapi.

Nikarudi mbele. Nikavua viatu, nikajifuta vumbi miguuni, nikasimama mbele ya mlango, nikasema, "Mbukwenyi. Mama Editha hakuiba pampu. Niliyesema ameiba ni mimi, na nilisema uongo." Nikasema yote mpaka mwisho, na habari za stoo na za vitambaa. Nilipomaliza nilibaki pale kidogo, kwa muda ambao mtu aliye ndani angehitaji kujibu, kisha nikavaa viatu.